Monitrisi na Kofia za Mlimani

Ilianza Jumanne, saa nne ya asubuhi, kiangazi kilipokuwa kinaingia. Tulikuwa wasichana wanne juu ya mkeka ndani ya fwaye, ile nyumba ya Rugenge ambamo masista walifundisha wanawake kushona na kufuma. Masista wenyewe walikuwa wameshavuka kwenda Bujumbura siku waasi walipouteka mji, wakatuachia Monitrisi, mwalimu wetu wa kufuma. Alikuwa nyuma yangu, ameshika mikono yangu miwili kwa mikono yake, akinionyesha tena jinsi ya kugeuza kisigino cha soksi. Mara akaingia kijana wa waasi, majani kichwani, bunduki begani. Alituona, akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta.

"Nani iko mukubwa wa hapa?"

"Ni minye," Monitrisi akasema. "Ingia basi. Unaogopa nini? Ni sindano tu."

"Usinikaribie! Komanda anakuita. Kuya peke yako. Na hawa banamuke basikuye nyuma yangu."

Monitrisi akaachia mikono yangu. Akachomeka sindano mbili za kufumia kwenye nywele zake, akatoka nyuma ya yule kijana, naye kijana akawa anageuka kila mara kuangalia kama hajamsogelea sana.

Mwezi ninaotaka kuuandika ulianza hivyo. Lakini kwanza niseme Monitrisi alikuwa mtu wa namna gani, maana wale ambao hawakumjua watadhani ninaandika habari za bibi fulani mnyonge.

Alikuwa mfupi, mpana, na alitembea upesi kama mtu anayewahi sufuria motoni. Hakuna aliyemwita kwa jina. Sokoni, kanisani, hata kwenye mto Mulongwe tulikochota maji, alikuwa Monitrisi. Hata kijana wake, karani wa posta, mtoto wake pekee, alimwita hivyo kwa mzaha. Alikuwa akirudi kazini, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini, anapiga kelele tangu kwenye ua: "Monitrisi! Mwanafunzi wako iko na njaa!" Naye anajibu kutoka jikoni: "Mwanafunzi hajanawa mikono, akalale na njaa yake!" Kisha anampakulia sahani iliyojaa hadi ugali unataka kuanguka.

Mikono yake ndiyo iliyofundisha. Mdomo haukuwa na maelezo mengi. Alikukalia nyuma, akakushika vidole, akavipeleka mbele na nyuma mpaka vikazoea kwenda vyenyewe. Ukikosea alivipiga kidogo, kisha akavishika tena. Mikono ile ilinuka dawa ya nondo na ugoro. Kupima nguo hakutumia utepe, alitumia shibiri, na alipima watu mbele za watu. Siku moja alitandaza shibiri mgongoni kwangu, kisha kifuani, akatangaza kwa fwaye nzima: "Eeh! Bubu ameongezeka hapa! Bamama, muone, yeye kimya, lakini mwili unasema!" Wanawake walicheka hadi mmoja akaanguka kwenye mkeka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Bubu ndilo jina alilonipa, kwa sababu nilikuwa naweza kumaliza mchana mzima bila kufungua kinywa. Nilikuwa naogopa sauti yangu mwenyewe.

Neno lake kubwa lilikuwa "Fumua." Ulimletea soksi uliyoifuma juma zima, akaiangalia upande mmoja, akaigeuza, akaivuta, kisha: "Fumua." Hakukasirika wala hakukuhurumia. Mwanamke mmoja wa Nyamianda alilia, akasema, "Lakini Monitrisi, kosa liko dogo, tena liko ndani, nani atalionaka?" Monitrisi akamjibu, "Muguu wa bwana yako utalionaka. Fumua."

Uhuru ulipokaribia, watu wa vyama walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza kila mtu angependa kupata nini Wabelgiji wakiondoka. Wengine waliomba nyumba za matofali, wengine magari. Baba yangu aliomba baiskeli yenye taa. Monitrisi aliwapeleka hadi fwaye, akafunua kitambaa, akawaonyesha cherehani ya masista, ile ya kukanyaga kwa miguu, ambayo alikuwa haruhusiwi kuigusa sista asipokuwepo. "Hii hapa," akasema. "Muandike vizuri, na kiti chake." Uhuru ulifika, tukacheza ngoma hadi miguu ikavimba. Jumatatu yake masista wakafunika cherehani kama kawaida. Monitrisi aliisubiri kwa subira kubwa, akiwauliza watu wa chama kila alipokutana nao njiani, "Ile yangu imefika wapi?" mpaka wakaanza kumkwepa. Na masista walipokimbia, cherehani ikabaki kwake bila mtu wa kumzuia, lakini hakuikanyaga hata siku moja. Nilimwuliza kwa nini. "Kwa sababu mwenyewe hayuko," akasema, kana kwamba nimeuliza swali la kipumbavu.

Alikuwa hivyo. Alitukataza ugoro, naye alikuwa na kikopo chake ndani ya kapu la nyuzi. Alituambia msichana asiyesema atauzwa kama mbuzi, lakini mbele ya wakubwa yeye mwenyewe aliinamisha kichwa na kusema "ndiyo baba" kwa watoto wa umri wa kijana wake. Na dawa za waganga alizicheka waziwazi. Jirani alimletea mtoto mwenye homa, kiunoni amefungwa uzi wa mganga wenye mafundo. Monitrisi aliuchunguza uzi ule kwa makini, tukafikiri ameogopa. Kisha akasema, "Nani alifunga hii? Fundo gani hili? Hata kuku angefunga vizuri." Akalifungua, akafunga lake, zuri, la kubana, akamrudishia mama mtoto wake. "Sasa mupeleke kwa munganga wa kizungu, apewe kinini."

Haya nimeyaeleza ili mjue ni mtu gani aliyerudi kutoka kwa Komanda siku ile ya Jumanne.

Alirudi saa sita, gunia kichwani. Alilitua katikati ya fwaye. Lilijaa masweta ya zamani, yaliyotolewa kwenye ghala ya misheni.

"Kijana wangu ni muzima," akasema kwanza.

Tulijua alikuwa amekamatwa. Waasi walikamata makarani wote, kila aliyekutwa na tai au kalamu mfukoni, wakawafungia kwenye depo, ile ghala ya pamba kule ziwani. Wengine walikuwa wametolewa usiku na hawakurudi. Tulikuwa hatumwulizi.

"Umemuona?" mmoja wetu akauliza.

"Sikumuona. Komanda amesema ni muzima. Amesema, wapiganaji bake banapanda milimani, kule baridi inaua. Anataka kofia za kufunika masikio. Nifumue hii masweta, nifume kofia, hili gunia lijae mbele ya mwezi kuisha. Likijaa, atafungua mulango wa kijana wangu."

Tukashangilia. Wanne sisi, pamoja naye watano, gunia lingejaa hata kabla ya mwezi. Nilinyoosha mkono kuchukua sweta la juu.

"Hapana gusa!"

Alikuwa hajawahi kunipigia kelele namna ile. Nikarudisha mkono.

Akakaa. Akatueleza taratibu. Wapiganaji wale walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiingie mwilini, na dawa ile ilikuwa na masharti. Mwanamke anayeona mwezi wake asiwaguse. Asiguse silaha wala nguo zao wala kitu chochote kitakachokaa juu ya miili yao. Akigusa, dawa inakufa na mpiganaji naye anakufa. Munganga wao alikuwa amekaa pembeni ya Komanda, akamwangalia Monitrisi usoni na kumwuliza kama yeye bado anaona. Akasema alishaacha zamani. Ndipo akapewa gunia.

"Na wamama wengine bazee?" nikasikia sauti yangu inauliza.

"Nani kati yao anajua kufuma, Bubu? Masista walifundisha ninyi, wenye vidole laini."

Ilikuwa kweli. Alijaribu. Aliwaita bibi watatu wa Rugenge, akawashika mikono kwa nyuma kama alivyotushika sisi. Mmoja alikuwa haoni tundu la sindano. Wa pili alilala. Wa tatu, nyanya yangu mwenyewe, alijitahidi siku nzima, akatoa kitu kirefu chenye matundu. Monitrisi akakiinua juu. "Koko," akamwambia kwa heshima, "hii tutavua nayo ndagala." Wakacheka wote wawili hadi machozi, na nyanya akaenda zake.

Basi alibaki peke yake, nasi wasichana wanne, ambao tulijua kazi ile hata gizani, tukakaa upande wa pili wa chumba na mikono mitupu.

Sijui kama naweza kueleza ilivyokuwa. Kawaida ukifumua sweta, mtu mmoja anavuta uzi, mwenzake ananyoosha mikono miwili mbele ili uzungushiwe. Sasa hakuna aliyeruhusiwa kuwa mwenzake. Alipindua kiti, miguu juu, akauzungushia uzi kwenye miguu ya kiti. "Kiti iko mwanafunzi muzuri," alisema. "Hakisinzii, hakipige kelele, hakiongezeke kifua." Tulicheka. Lakini alikuwa anainuka, anakizunguka kile kiti, anainama, anainuka, na magoti yake yanalia, nasi tuko palepale tunaangalia.

Siku moja tulimsindikiza Mulongwe kuosha nyuzi, maana zilinuka. Yeye alikuwa majini, sisi ukingoni. Upepo wa kiangazi ukaja kwa nguvu kutoka ziwani, akapoteza mizani kidogo, na fungu zima la uzi wa buluu likamponyoka, likaanza safari. Tulikimbia nalo ukingoni, wasichana wanne, vikwembe vimepanda magotini, tunapiga kelele, "Linakwenda! Linakwenda!" Lilipita karibu kabisa, mwenzangu mmoja angeweza kulichukua bila kulowa hata kifundo cha mguu. Alinyoosha mkono, akaukunja tena. Watu waliokuwa wanafua walituona wendawazimu. "Si mulishike!" wakatuambia. "Haturuhusiwi!" Mzee mmoja aliyekuwa anaoga chini, karibu na mto unapoingia ziwani, ndiye aliyelinasa kwa fimbo, akiwa uchi kama alivyozaliwa, akalishika juu kama samaki mkubwa. Tuligeuza nyuso. Monitrisi alifika anahema, akalipokea, akamshukuru kwa adabu zote kana kwamba mzee yule amevaa koti. Kisha alikaa mchangani akacheka mpaka akashindwa kusimama. Ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka hivyo.

Macho yake nayo yalikuwa yanamwangusha. Nyuzi nyeusi na za buluu nzito, ikifika saa tisa, hakuziona tena. Vitanzi vilimwanguka, anaendelea, safu kadhaa mbele anagundua, kisha anajiambia mwenyewe, "Fumua." Nilisikia uchungu kila alipolisema. Siku moja mwanzoni nilivunja ufito wa ufagio, nikakaa mbele yake, nikaanza kumwonyesha kwa ncha, bila kugusa.

"Hapo, mama. Kimeanguka."

"Wapi?"

"Chini kidogo. Kushoto. Hapana, kushoto kwako. Hapo."

"Nimekishika?"

"Bado. Hicho ni cha jirani yake. Sasa ndiyo."

Tukawa hivyo mwezi mzima. Mimi Bubu nilisema kuanzia asubuhi hadi jioni, mpaka sauti ikakauka. Nadhani maneno yale yalikuwa mengi kuliko yote niliyowahi kuyasema masomoni. Na wakati wote vidole vyangu viliwasha. Nilikuwa naviona vinacheza vyenyewe juu ya paja langu, vinafuma hewa. Nikavikalia.

Kila jioni alipeleka chakula kwenye depo. Mlinzi alipokea sahani mlangoni, akarudisha ile ya jana. Monitrisi hakuruhusiwa kuita wala kusubiri. Kijana wake tangu utoto hakula vichwa vya ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Alivipanga pembeni mwa sahani vikimwangalia mama yake, na walikuwa wakigombana kwa ajili hiyo maisha yao yote. Sahani za siku za kwanza zilirudi tupu, zimelambwa, hakuna kichwa hata kimoja. Monitrisi aliziangalia, akaziosha, akaenda kufuma. Nilijua anachokifikiri, kwamba aliyekula si kijana wake. Nami nilikuwa nakifikiri.

Kisha jioni moja sahani ilirudi na vichwa, vimepangwa pembeni, vyote vinatazama upande mmoja. Alinikimbilia nayo njiani, mwanamke wa umri ule. "Bubu! Angalia! Angalia mupumbavu huyu! Ameacha vichwa!" Akavila vyote pale pale, amesimama, kimoja kimoja, machozi yanamtoka.

Usiku ule hakulala, asubuhi nilikuta kofia mbili mpya.

Gunia lilijaa mwezi ukiwa umebaki uzi mwembamba angani. Lilijaa kweli, aliingiza mkono na kusukuma ili pasiwepo mtu wa kusema halijajaa. Kijana yule yule wa siku ya kwanza alikuja kulichukua, akiwa mbali nasi vile vile. Monitrisi alipika mchele, akauweka kando. Akafua soksi nyeupe za kijana wake, akazianika kwenye ua mahali zitakapoonekana kutoka njiani.

Tulingoja siku ile. Tulingoja na ya pili.

Siku ya tatu asubuhi ngoma zikapigwa kule ziwani, watu wakaitwa barabarani kuwasindikiza wapiganaji wanaopanda mlimani. Wanawake tulisimamishwa nyuma ya mstari wa majivu uliomwagwa ardhini. Munganga alitangulia na ndoo na tawi la majani, anawanyunyizia maji wapiganaji. Baada yake wakafuata wao, kila mmoja na kofia. Nilizijua zote. Ile ya buluu iliyokwenda safari mtoni. Zile nyeusi za saa tisa.

Komanda alikuwa amefungua mlango, kama alivyosema. Kijana wa Monitrisi alikuwa safu ya katikati, amekonda, ndevu zimeota, mkuki mkononi, miguu mitupu. Kofia ya kijivu ilikuwa imekaa vibaya kichwani pake, sikio moja nje.

Monitrisi alivuka majivu. Sidhani kama aliyaona. Alifika karibu naye, akainua mkono kuishusha ile kofia juu ya sikio, jambo dogo kabisa, na pande zote watu wakapiga kelele: "Usiguse! Mama, usiguse! Utamuua!"

Mkono ulibaki hewani. Alishaacha kuona mwezi, munganga mwenyewe alikuwa amelikubali hilo. Lakini maji yalikuwa bado yanamtiririka kijana wake shingoni, na watu wanapiga kelele, na hakuna mtu wa kumwuliza sharti la mama linasemaje. Nilimwona akiutafutia mkono ule mahali pa kuuweka. Mwishowe akaupeleka nyuma ya mgongo, akaushika kwa ule mwingine.

"Imekubana?" akauliza.

"Hapana, Monitrisi," kijana akasema. "Iko sawa."

"Kumbe sikio liko inje."

"Nitalifunika."

"Funika sasa, nione."

Aliinua mkono, akalifunika mwenyewe. Kisha safu ikamsukuma mbele. Tuliona kofia ya kijivu hadi njia inapoanza kupanda, halafu zikawa kofia tu.

Baada ya hapo fwaye haikufunguliwa. Kwetu tuliambiwa tusitoke ovyo. Habari zilishuka kutoka mlimani na kila aliyezileta aliongeza zake, kwamba wameshinda, kwamba wamekufa wote, kwamba majeshi ya serikali yana ndege. Majuma yalipita. Jana ndipo nilipopata ruhusa ya kwenda kumsalimu.

Alikuwa ameketi kwenye ua, juu ya kile kiti cha nyuzi, mikono mapajani. Hapakuwa na sindano kwenye nywele zake. Nilinyoosha mkono kumsalimu kama ilivyo desturi, naye akaficha yake nyuma ya mgongo.

"Simama pale, Bubu. Usinikaribie."

"Ni mimi, mama."

"Nakuona. Kijana iko mulimani. Mama ya mupiganaji naye ana masharti yake, munganga amenieleza. Nisipokee kintu mu mkono wa mwanamke asiye safi. Nisishone, nisifunge fundo." Alisema hayo bila aibu, kama mtu anayekueleza njia ya sokoni. "Weye uko mu siku zako?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimetamani mwezi mzima kuketi karibu naye, naye anishike mikono.

"Niko," nikasema.

"Basi ongea kutoka pale."

Nikaongea kutoka pale, nje ya ua. Nilimwuliza kama anakula. Akasema anakula kidogo. Akaniuliza habari za nyanya yangu na kama bado anavua ndagala kwa kofia, lakini hakucheka alipoliuliza. Nilitaka kumkumbusha yule mtoto wa jirani mwenye uzi kiunoni. Nikaangalia uso wake, nikaacha.

"Weye ndiye ulikuwa unaangalia vitanzi," akasema baadaye. "Ile ya kijivu. Ilikuwa na kosa?"

"Haikuwa na kosa, mama."

"Una hakika? Hata ya ndani?"

"Hata ya ndani."

Alitikisa kichwa kukubali. Nikaaga. Hakuinua mkono kuniaga, wala mimi sikuinua wangu.

Leo asubuhi, siku zangu hazijaisha, nimekwenda kuchota maji. Njia ya mtoni inapita mbele ya ua wake, karibu kabisa, kivuli cha mtu kinaingia ndani. Sisadiki habari za maji ya dawa. Nimesoma, na ni yeye aliyenifundisha kucheka. Nilisimama pale njia inapoanza, ndoo kichwani. Kisha nikazunguka kwa chini, njia ndefu ya ziwani, kwenda na kurudi.